Sumu iliyofichwa katika kome wa bahari



Sisi watu wa bara tumezoea kuyapima maji kwa macho na kwa pua. Yakinuka, twayaacha. Yakiwa na rangi mbaya, twayachuja na kuyachemsha. Na samaki vivyo hivyo: tukimwona ana macho maangavu na nyama ngumu, twasema: «Huyu ni mzuri», kisha twamtia chunguni. Kipimo hiki cha wazee wetu si kibaya, kimewalinda watu wengi. Walakini iko sumu ya baharini isiyojulikana kwa macho, wala kwa pua, wala kwa ulimi, na moto wa jikoni hauiwezi. Hutengenezwa na mimea midogo mno. Leo nataka kuwasimulia jinsi watu walivyoigundua, kwa kuwa habari hii yatufundisha namna ya kulifuata jambo mpaka kufika kwenye shina lake.

Mimea midogo na walaji wake

Kwanza tufahamu mimea hii ni kitu gani. Katika maji ya bahari huelea mimea isiyo na mizizi, wala shina, wala majani. Kila mmoja ni chembe moja tu, ndogo hata jicho haliwezi kuiona pasipo darubini ya kukuzia vitu vidogo. Huitwa mwani mdogo. Aina zake ni maelfu, na karibu zote ni njema. Ndiyo shamba la bahari: wadudu wadogo hula mwani, dagaa hula wadudu, samaki wakubwa hula dagaa, na sisi twala samaki. Tena karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani kila mwaka hutoka katika mimea hii.

Lakini aina chache zina sumu. Kwa siku nyingi hukaa kimya, chembe moja huku, nyingine kule. Jua likiwa jema, maji yakitulia, na chakula chao kikiwa tele, huongezeka ghafula: moja huwa mbili, mbili huwa nne, hata lita moja ya maji ikawa na mamilioni. Pengine bahari hugeuka kuwa nyekundu au ya rangi ya udongo. Pengine haigeuki hata kidogo, na hapo ndipo penye hatari kubwa.

Sasa yuko mnyama aitwaye kome. Ana magamba mawili meusi yanayofunguka na kufungwa kama kitabu, naye hujishikiza kwenye mwamba au kwenye kamba, hatembei kutafuta chakula. Huvuta maji, huyachuja, huzuia mwani uliomo na kuula, kisha huyatoa maji. Hufanya hivyo usiku na mchana. Basi mwani ukiwa na sumu, kome huikusanya tumboni mwake kidogo kidogo, na yeye mwenyewe mara nyingi hadhuriki. Huonekana mzima, mnene, mtamu. Anayedhurika ni yule amlaye.

Kaburi la mwaka 1793

Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1793 nahodha Mwingereza George Vancouver alikuwa akipima pwani ya magharibi ya nchi iitwayo leo Kanada. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, mabaharia wa mashua zake walipumzika katika hori ndogo, wakaokota kome, wakawaoka, wakala. Haikupita muda mrefu midomo yao ikaanza kufa ganzi, kisha mikono na miguu. Mmoja wao, John Carter, alikufa siku ile ile. Wenzake waliougua walipona. Vancouver aliiita ile hori Poison Cove, maana yake Hori ya Sumu, na ghuba alipozikwa yule baharia akaiita Carter Bay. Majina hayo yamo katika ramani hata leo.

Wenyeji wa pwani ile ya Pasifiki walikuwa wamekwisha kuijua hatari. Inasimuliwa juu ya makabila ya Kalifornia kwamba wakati wa joto waliweka watu wa kukesha na kuitazama bahari. Ikimetameta usiku kama makaa, walikatazana kula kome kwa siku kadhaa. Aina moja ya mwani wenye sumu huwaka kweli gizani maji yakitikiswa. Hawakuwa na darubini wala vitabu vya kemia, lakini walikuwa na macho, na subira ya kukesha.

Mwezi wa Julai mwaka 1927, karibu na mji wa San Francisco, watu 102 waliugua kwa kula kome, na 6 wakafa. Hapo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kalifornia, Hermann Sommer na Karl F. Meyer, walianza kazi ya miaka mingi. Waliyachota maji ya bahari, wakahesabu chembe zilizomo, wakapima na sumu ya kome wa mahali pale pale. Mwaka 1937 waliandika matokeo. Waliona kwamba kila mara chembe za namna moja zikizidi majini, kome wana sumu. Zikipungua, sumu nayo hupungua. Chembe hizo ziliitwa wakati ule *Gonyaulax catenella*. Wanaojua Kilatini watatambua neno *catena*, yaani mnyororo, kwa sababu chembe hizi huogelea zimeshikana kama pete za mnyororo mdogo. Siku hizi jina lake ni *Alexandrium catenella*.

Tena walitafuta kipimo. Nyama ya kome ilichemshwa katika asidi kidogo, ule mchuzi ukaingizwa kwa sindano tumboni mwa panya mweupe, halafu wakatazama saa. Panya akifa upesi, sumu ni nyingi. Akikawia, sumu ni kidogo. Akibaki mzima, kome hao ni salama. Kiasi cha kumwua panya wa gramu 20 kwa dakika 15 kikawa ndicho kipimo kimoja, kama vile sisi tuna kibaba na pishi. Kwa miaka mingi nchi za pwani ziliwategemea panya hao wawalinde walaji wa kome.

Yashikeni mambo hayo mawili, chembe za majini na panya wa kipimo, maana tutakutana nayo tena.

Wagonjwa waliopoteza kumbukumbu

Upande wa mashariki wa Kanada, katika Ghuba ya St. Lawrence, kuna Kisiwa cha Prince Edward. Watu wake hulima viazi, huvua kamba wakubwa, na kabla ya mwaka 1987 walikuwa wamekwisha kuanza kufuga kome. Huwatia wadogo ndani ya mirija mirefu ya nyavu, nayo hutundikwa majini kwenye kamba zinazoelea, hata kome wakue. Kazi hiyo ilikuwa ikisitawi, na kome wao waliuzwa katika miji mikubwa ya Kanada.

Mwishoni mwa Novemba 1987 watu walianza kufika hospitalini wakitapika na kuumwa tumbo. Madaktari wangeweza kusema: «Ni chakula kilichoharibika», na kuwapa dawa. Lakini baadhi ya wagonjwa walikuwa na mambo ya ajabu. Waliumwa kichwa sana. Wengine walichanganyikiwa, wengine wakashikwa na degedege, wengine wakazimia. Chakula kilichooza hakifanyi hivyo. Madaktari walipouliza: «Mlikula nini?» jibu lilikuwa moja: kome. Na kome hao walitoka upande wa mashariki wa Kisiwa cha Prince Edward, mahali mto Cardigan unapoingia baharini na karibu yake.

Watu 107 walihesabiwa kuwa wameugua ugonjwa huo kwa hakika. Kumi na tisa walilazwa hospitalini, na 12 kati yao walihitaji uangalizi mkubwa wa usiku na mchana. Watatu walikufa katika siku zile, na wa nne akafa baadaye. Wazee ndio walioumizwa zaidi.

Tena kulikuwa na msiba mwingine usioonekana katika hesabu ya wafu. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alipoteza kumbukumbu ya mambo mapya. Wengine walipona haraka, lakini baadhi yao haikuwarudia. Wagonjwa hao walisema vizuri na kufikiri vizuri, hata mgeni asingejua kwamba wana ugonjwa. Lakini jambo la saa iliyopita halikukaa ndani yao. Fikirini juu ya mzee wa nyumbani mwenye akili zake zote, naye hawezi kushika kwamba mwanawe alikuja kumwona asubuhi. Ndiyo maana madaktari waliuita ugonjwa huo sumu ya kome ya kupoteza kumbukumbu.

Saa 104

Serikali ya Kanada ilizuia kome wa sehemu ile. Wafugaji, ambao hawakufanya kosa lolote, waliona kamba zao zimejaa mali isiyouzika. Kome hawakuwa na harufu mbaya, wala rangi ngeni. Walikuwa wametoka katika maji safi, wakapikwa ipasavyo. Basi kosa liko wapi?

Ndipo panya wakatoa dalili. Wapimaji waliwapiga sindano ya mchuzi wa kome kama ilivyokuwa desturi, wakitafuta ile sumu ya zamani. Panya walikufa. Mtu mvivu angeandika: «Sumu ya zamani imerudi», na kufunga daftari. Lakini wale wapimaji hawakutazama kifo peke yake, walitazama na namna ya kufa. Panya wa sumu ya zamani hulegea viungo, hushindwa kupumua, hufa. Panya hawa hawakulegea. Walijikuna mabegani kwa miguu ya nyuma, wakajikuna bila kuacha, kisha wakashikwa na degedege. Hii ilikuwa sumu nyingine, isiyojulikana katika kome wa nchi yoyote.

Katikati ya Desemba kazi ilikabidhiwa kundi la wataalamu wa kemia katika maabara ya taifa mjini Halifax, chini ya Jeffrey Wright. Njia yao naweza kuieleza kwa mfano. Mtu amepoteza sindano katika gunia la mchele. Huligawa gunia mafungu mawili na kutafuta ni fungu gani lenye sindano; fungu lisilo nayo huliweka kando. Lililobaki huligawa tena, na tena, mpaka sindano ibaki katika konzi moja. Nao walifanya hivyo. Mchuzi wa kome waliugawa: vitu vinavyoyeyuka majini upande mmoja, visivyoyeyuka upande wa pili. Kila fungu walimpiga panya sindano. Fungu lililomfanya ajikune ndilo walilolifuata na kuligawa tena. Pembeni walikuwa na kome wazuri wa mahali pengine, wakawafanyia yale yale, ili waone ni kitu gani kilichomo katika wabaya na hakimo katika wazuri.

Walishika zamu usiku na mchana. Baada ya saa 104, yaani siku nne na saa nane, kikabaki kitu kimoja. Walikipima kwa mashine zao, wakalijua jina lake: asidi ya domoiki.

Wengi walistaajabu, wengine walisita kusadiki, kwa kuwa kitu hicho kilikuwa kimekwisha kujulikana, tena kama dawa! Wataalamu wa Japani walikuwa wamekitoa katika mwani mwekundu wa huko, ule mkubwa unaoshikika kwa mkono, wakakiandika mwaka 1958. Wajapani huuita mwani huo *domoi*, na jina la asidi hiyo limetoka hapo. Watu wa kisiwa kimoja cha kusini mwa Japani waliutumia tangu zamani kutoa minyoo tumboni. Lakini dawa ile ilikuwa kidogo sana, na kome wa Kanada walikuwa wameibeba kwa wingi. Wahenga wetu wa uganga walijua kwamba dawa na sumu hutofautiana mara nyingi kwa kipimo tu.

Nayo huharibu namna gani? Ndani ya ubongo chembe za fahamu hupelekeana habari kwa kitu kiitwacho glutamati, ambacho ni kama ufunguo: hufungua mlango, habari hupita, mlango hufungwa. Asidi ya domoiki yafanana na ufunguo huo. Huingia katika kufuli, hufungua, lakini mlango haufungwi tena upesi. Chembe ya fahamu husisimka kupita kiasi mpaka hufa. Na sehemu ya ubongo inayoumia kwanza ndiyo ile inayoweka kumbukumbu mpya.

Kutoka kome mpaka mmea

Sumu ilikuwa imejulikana. Lakini kumjua mwizi hakutoshi kama hujui alipopitia. Kome hakuitengeneza yeye mwenyewe, ameila wapi?

Wataalamu walimpasua kome, wakatazama kilichomo tumboni mwake. Walikuta amejaa diatomu za namna moja. Diatomu ni mwani mdogo unaokaa ndani ya kijumba kigumu, kilichojengwa kwa kitu kile kile kinachotengenezea kioo. Hizi zilikuwa nyembamba, ndefu, zimeunganishwa ncha kwa ncha. Maji ya sehemu ile nayo yalikuwa yamejaa hizo hizo, karibu hapakuwa na mwani mwingine. Wakati ule ziliitwa *Nitzschia pungens*, na *pungens* kwa Kilatini ni kitu kinachochoma kama mwiba. Baadaye aina hiyo ilipewa jina la *Pseudo-nitzschia multiseries*.

Walakini kuonekana mahali pa kosa si kulitenda kosa. Tena vitabu vyote vya wakati ule vilisema diatomu hazina sumu yoyote ya kudhuru watu. Kwa hiyo Stephen Bates na wenzake waliichukua diatomu hiyo, wakaitenga na viumbe vingine, wakaikuza ndani ya chupa. Kwanza iliongezeka vizuri, na sumu ilikuwa haba. Ilipokoma kuongezeka, ndipo asidi ya domoiki ilipozidi ndani ya chupa. Mwaka 1989 walitangaza kwamba mkosaji amepatikana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa diatomu kujulikana kuwa na sumu ya namna hiyo.

Tazameni jinsi njia ilivyofuatwa bila kurukwa hatua: kutoka kwa mgonjwa mpaka chakula chake, kutoka chakula mpaka sumu, kutoka tumbo la kome mpaka maji, na kutoka maji mpaka chembe moja ndani ya chupa. Kanada iliweka sheria: kome wenye zaidi ya miligramu 20 za asidi hiyo katika kilo moja ya nyama wasiuzwe. Nchi nyingine nyingi zikaifuata.

Ndege wa mwaka 1961

Mambo yaliyojulikana Kanada yalifungua na mafumbo ya mahali pengine. Mwezi wa Septemba 1991, katika ghuba ya Monterey huko Kalifornia, ndege wakubwa wala samaki, wari na minandi, walionekana wakianguka na kufa. Kama hayo yangetokea miaka mitano kabla, nani angejua sababu? Lakini sasa wataalamu walijua cha kutafuta. Waliipata asidi ya domoiki ndani ya samaki wadogo walioliwa na wale ndege, na tumboni mwa samaki hao wakakuta diatomu za jamaa ile ile. Basi kumbe sumu hupanda na kwa njia ya dagaa, si kwa kome tu. Mwaka 1998 simba-bahari zaidi ya 400 walikufa katika pwani hiyo hiyo, na chanzo kikawa kile kile.

Hapo watu wakakumbuka jambo la zamani zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 1961, ndege wengi wa baharini walivamia mji mdogo wa Capitola, katika ghuba hiyo hiyo ya Monterey. Walijigonga kwenye nyumba, wakaanguka barabarani. Wenyeji walidhani ndege wamepotezwa na ukungu na kuvutwa na taa. Mtengeneza sinema Alfred Hitchcock alizisoma habari hizo katika gazeti, na mwaka 1963 ikatoka filamu yake juu ya ndege wanaoshambulia watu.

Sababu ya kweli ingejulikanaje baada ya miaka hamsini? Ilijulikana kwa chupa. Mwezi wa Julai na wa Agosti 1961 watafiti walikuwa wamekusanya wadudu wadogo kutoka bahari ile, wakawatia katika chupa za dawa na kuwahifadhi. Aliyezifunga chupa hizo hakujua kitu juu ya asidi ya domoiki, wala hakufikiri juu ya ndege. Alifanya kazi yake kwa uangalifu, basi. Wataalamu wengine walizifungua, wakawapasua wadudu wale, na mwaka 2012 wakatangaza kwamba asilimia 79 ya vilivyokuwamo matumboni mwao ni diatomu za namna zinazotengeneza sumu hiyo. Ndege hawakupotezwa na taa tu. Yaelekea walikuwa wamekula sumu.

Walinzi wa leo

Siku hizi ulinzi umeongezeka. Panya hakutosha kwa sumu hii, kwa kuwa asidi ya domoiki yaweza kupita kiasi cha sheria na panya asionyeshe dalili. Badala yake hutumiwa mashine za kemia zinazotenga vitu vilivyomo katika mchuzi na kuipima sumu yenyewe.

Tena walinzi hawangoji kome aingie sumu. Huchota maji kila mara, huhesabu diatomu chini ya darubini. Shida yake ni kwamba jamaa ya diatomu hizi ina aina nyingi zinazofanana kama mapacha, nyingine zina sumu na nyingine hazina. Kwa hiyo wataalamu wamepata njia ya kuzitambua kwa urithi wao: hutengeneza kipande kidogo kinachoshikamana na urithi wa aina moja tu, kama vile kifuniko kinavyoingia katika chungu chake. Kituo cha utafiti cha Monterey Bay kimetengeneza hata mashine inayozamishwa baharini, ikavuta maji yenyewe, ikatafuta aina hizo, ikapeleka jibu pwani bila mtu kwenda na mashua.

Hata hivyo bahari haijatulia. Mwaka 2015 maji ya Pasifiki yalikuwa na joto kupita desturi, na diatomu hizi zilienea kutoka Kalifornia mpaka Alaska. Wavuvi wa kaa walizuiwa kuvua kwa miezi, nao walipata hasara kubwa. Lakini watu walilindwa, kwa sababu palikuwa na walinzi waliojua cha kutazama.

Na sisi watu wa maziwa tusiseme: «Hayo ni ya baharini.» Katika ghuba za ziwa Victoria, maji mara kwa mara hugeuka kijani kama rangi iliyomwagwa. Wataalamu wamekuta humo vijimea vingine, si diatomu, vyenye sumu yao inayodhuru ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Basi mahali popote ziwani, tukiona povu la kijani limekusanyika ufukoni, tusichote hapo maji ya kunywa, tusiwanyweshe ng'ombe hapo, tena tupeleke habari kwa watu wa afya.

Wahenga walisema: Mdharau mwiba, mguu huota tende. Chembe isiyoonekana iliua watu wanne na kuwanyang'anya wengine kumbukumbu zao. Iligunduliwa na watu ambao hawakudharau kitu kidogo: daktari aliyeuliza «Mlikula nini?», mpimaji aliyeandika kwamba panya alijikuna, na mtu wa mwaka 1961 aliyefunga chupa vizuri na kuibandika tarehe. Hakuna hata mmoja wao aliyelijua jambo lote. Kila mmoja alishika kipande chake kwa uaminifu, na vipande vilipokutana, ukweli ukaonekana.